Mpini wa Jembe

Aliporudi kutoka msibani kwa ndugu zake, Sikudhani alikuta kingo za kijito ziko peupe kama uwanja wa mpira. Mikuyu na matete aliyoyapanda kwa miaka miwili, ili maji yaache kumega shamba lake la mahindi, hayakuonekana tena.

"Si ulisema nisafishe shamba, shemeji?" alisema Chande, mdogo wa marehemu mumewe, akingoja kushukuriwa. "Nimesafisha mpaka majini."

Kwao, shamba safi ni lile lisilobakiwa na hata jani, na neno hilo alilitamka yeye mwenyewe.

"Ulitumia jembe, ukang'oa na mizizi?"

"Fyekeo tu. Jembe lilivunjika mpini siku ya kwanza, nikaona aibu kukwambia."

Sikudhani akapiga magoti, akapapasa udongo. Kisiki kidogo cha mkuyu kilikuwa bado kimeshika imara, na ubavuni mwake lilikuwa limetokeza chipukizi jekundu, dogo kama punje ya mchele. Akaona la pili, kisha la tatu. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Basi kesho nichonge mpini mwingine?" Chande aliuliza.

"Acha kwanza, shemeji," alisema, huku amelikinga lile chipukizi kwa kiganja, kana kwamba upepo ungelizima.