Ijumaa ya Nne

Mpira wa kwanza ulipita mbali na vijiti vitatu vya shabaha, ukaenda kugonga ukuta wa skuli. Wa pili ulidunda karibu na miguu ya mrushaji mwenyewe. Hashil akafumba macho.

Ilikuwa Ijumaa ya nne mfululizo anaendesha gari kutoka Sur mpaka Ibra kuja kumtazama Laith, kijana wa miaka kumi na saba, mrushaji wa kriketi wa mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo kazi ya Hashil: kuzunguka viwanja vya skuli akitafuta vipaji kwa ajili ya klabu moja ya Maskati. Na kazi yenyewe ilikuwa inamponyoka. Vijana wawili aliowapeleka mwaka jana walirudishwa makwao kabla ya mwezi kwisha. Mkubwa wake alimwambia wazi: majina ya kambi ya mazoezi ya klabu yanafungwa leo magharibi, na akija mikono mitupu asirudi tena.

"Wallahi anaweza," alisema Firas, mwalimu wa michezo, akimpa simu aangalie tena. Katika video ya Jumanne, Laith alikuja mbio, mkono ukapaa, kijiti cha kati kikang'oka na kuruka. Mara tano, kwa wapigaji watano.

"Mbona mimi nikiwapo hayatokei haya?"

Firas akapandisha mabega. "Labda anaona haya. Tangu Jumatatu ananiuliza, 'Ijumaa anakuja?' Nikimwambia anakuja, hata chakula hakimpiti."

Kando ya uwanja, kwenye kiti cha kukunja, alikaa Bimdogo, bibi yake Laith kwa upande wa mama. Yeye na binti yake ndio waliomlea kijana huyo tangu hajaanza kutambaa, baba yake alipoondoka. Hashil alimwendea, akainama.

"Shikamoo, Bi Bimdogo."

"Marahaba." Hakugeuza uso.

"Zungumza naye, tafadhali. Mwambie atulie. Leo ndiyo mwisho."

"Mwisho wake au wako?"

Hashil akatazama saa yake.

"Binti yangu hakutaka uje kabisa," alisema Bimdogo. "Mimi ndiye niliyesema, mwacheni aje. Haya, mtazame."

Laith akarusha tena. Upogo, mbali na vijiti. Watoto wa timu ya pili wakacheka, na Hashil akahisi kama wanamcheka yeye. Miaka hamsini na miwili, magoti mabovu, chumba cha kupanga Sur. Nani atamwajiri?

Wachezaji walipokwenda kunywa maji, simu ililia. Hashil alijitenga nyuma ya magari kuipokea.

"Umepata?" aliuliza mkubwa wake.

"Nina video, bwana. Ukiiona tu..."

"Video ulinitumia mwaka jana pia. Nakuuliza, umemwona kwa macho yako?"

Katikati ya magari mawili Hashil alimwona Laith amebaki peke yake uwanjani. Kijana alitazama huku na huku, kama mtu anayehakikisha hakuna anayemwona. Kisha akakimbia, hatua nyepesi, mkono ukapaa. Kijiti cha kati kikaruka juu na kuangukia mbali. Akakichomeka, akarudi nyuma, akarusha tena. Kikaruka tena, kile kile.

Simu ilikuwa bado inasema. Hashil aliikata, akauvamia uwanja akikimbia kwa magoti yake yale mabovu. Laith alipomwona, akaganda.

"Nimekuona," Hashil alisema akihema. "Unaweza. Siku zote ulikuwa unaweza."

Laith akainamisha kichwa.

"Unakosea makusudi?"

"Ndiyo."

"Wiki nne! Unajua mimi itakuwaje leo? Unajua?" Akamshika kijana mikono yote miwili, mbele ya watu, mbele ya Bimdogo, hakujali tena. "Laith, n'nakuomba. Imebaki mipira sita. Nipige magoti hapa? Nitapiga. Piga vijiti mara moja tu wakiwa wanaona, nikuandike, khalas, sote wawili tumepona. Kwa nini unanifanyia hivi? Nimekukosea nini?"

Firas alipuliza filimbi. Wachezaji walianza kurudi. Mikono ya Laith, ndani ya mikono ya Hashil, ilikuwa imetulia kimya.

"Mama kanambia wewe ukishapata unachokitaka huonekani tena, baba," alisema. "Nikivipiga leo, Ijumaa ijayo utakwenda kumtazama mtoto wa nani?"