Springi Fupi za Kilonzo

Fundi Salim alitoka chini ya lori, spana mkononi, akamwangalia Muthoki kama mtu aliyekuja kunyolewa nyusi.

"Mama Syombua, hebu rudia."

"Lishushe," Muthoki akasema. "Gari la mume wangu. Lishuke mpaka panya akipita chini ajikune mgongo."

Salim aliketi juu ya tairi. Tangu afungue gereji hapo Kitui mjini, kazi yake ilikuwa kuinua magari. Mwalimu, daktari wa ng'ombe, hata padre, wote walitaka vipande vya mpira vitiwe kwenye springi ili mawe ya barabarani yasiwafikie tumboni. Kinyume cha hapo hakuna aliyewahi kuomba. Tena hili halikuwa gari la kuchezea. Lilikuwa Datsun SSS yenye kabureta mbili, likinguruma hadi watoto wanasahau walitumwa nini. Kilonzo aliliendesha kila siku kutoka nyumbani hadi ofisi ya maji, lami tupu, mwendo wa kutafuna ndizi moja, na bado alivaa glavu za ngozi.

Muthoki akajieleza polepole. Kila Alhamisi Kilonzo hupotelea Migwani. Kondakta wa basi ameliona gari zaidi ya mara moja, limesimama kando ya ua wa minyaa, vioo vimepandishwa, na ndani kichwa cha mtu kinainama na kuinuka, kinainama na kuinuka. Jioni bwana anarudi amelegeza mshipi, anasukuma sahani yake kando na kusema ameshiba hewa. Shati halinuki marashi. Linanuka moshi wa kuni. Hapo ndipo palipomchoma Muthoki zaidi, kupokonywa mume na mwanamke asiye na hata jiko la makaa. Leo anapeleka gari, kesho atapeleka mbuzi wa mahari, na kesho kutwa Muthoki ataitwa mke mkubwa kabla hajaota mvi.

Si kwamba hakuwa amejaribu. Mama yake, Mutindi, aliishi huko huko Migwani, na Muthoki alikuwa amemtumia salamu afungue macho. Bibi kizee akajibu kwamba amechungulia kila boma na hajaona msichana wa kumtisha mtu, na kwamba mwanamume anayerudi kwake jioni ni wa kumshukuru Mungu. Muthoki hakumlaumu. Mkamba na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anajitupa kichakani. Mama angemchunguza mkwe kwa macho gani?

"Kabla ya Migwani kuna ule mto mkavu," Muthoki akamaliza. "Mawe yake hata malori huyaamkia. Gari likishuka, fundi, mto haupitiki. Mto usipopitika, mimi nina mume."

Salim aliwaza kidogo. Ndani ya stoo alikuwa na springi fupi nne, zilizotoka kwenye gari la mashindano la tajiri mmoja wa Mombasa, lililojipindua likiwa limesimama. Siku hiyo hiyo akamnong'oneza Kilonzo kwamba Ulaya gari kama lake hulala barabarani kama mjusi, na kwamba yanayosimama wima ni ya kubebea mikate. Kilonzo alishika jeki mwenyewe, kwa haraka.

Basi gari likashuka. Kuku waliozoea kupumzikia chini yake wakahama boma. Wazee waliotaka kumsalimu Kilonzo dirishani wakachuchumaa kwanza, na kuinuka wakahitaji kushikwa mkono. Alijifunza kuzunguka kinyesi cha ng'ombe. Siku moja alisimamisha gari katikati ya lami, akashuka, akaondoa gunzi la mahindi kwa heshima, akapanda tena. Mji ulicheka. Kilonzo alisema hawa watu hawajui Ulaya.

Alhamisi ikafika. Aliondoka saa nne na kurudi kabla ya saa saba, bomba la moshi likiwa kwenye kiti cha nyuma kama abiria, gari likinguruma kama kinu cha posho. Muthoki akampakulia muthokoi aliopika mwenyewe, mahindi na maharagwe, sahani imejaa. Kilonzo alitafuna kijiko cha kwanza kwa muda mrefu, akitazama ukuta. Lakini alikuwa nyumbani, mchana, siku ya Alhamisi. Muthoki aliosha vyombo akiimba nyimbo za kanisani.

Alhamisi iliyofuata Kilonzo hakwenda popote, si ofisini wala Migwani. Alisema kichwa kinamuuma. Alikaa uani akilifuta gari vumbi ambalo halikuwepo. Jua lilipokaribia utosini, basi la Migwani likasimama nje ya lango, akashuka Mutindi, mgongo umepinda, kichwani sufuria kubwa iliyofungwa kwa leso.

Muthoki alimkimbilia, moyo juu. Mama yake hakuwa amekanyaga boma hilo tangu harusi.

"Mwaitu, kuna msiba?"

Bibi kizee aliinamisha macho chini, akauliza kama mwenye boma yupo. Kilonzo alikuwa ameshaisikia sauti. Alijitupa ndani ya gari, akapandisha vioo vyote isipokuwa kimoja, akajifunika uso kwa kofia.

Mutindi akaitua sufuria, akapakua muthokoi uliokuwa bado unatoa moshi, akaligeuzia gari mgongo na kulifuata kinyumenyume mpaka nyonga ikagusa mlango. Akapeleka sahani nyuma kwa kupapasa. Mkono wenye glavu ukaipokea.

"Muthoki," mama yake akasema, akitazama jikoni, "mwambie mwenye gari amefanya vizuri kulishusha. Kule kwangu dirisha lilikuwa juu, kila Alhamisi bega lilikuwa linaniuma."