Maji ya Asubuhi

Sikudhani alisoma msimbo wa Mkude mstari kwa mstari, kidole juu ya skrini, kama anayesoma Zaburi. Programu ile, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C na ambayo tayari ilikuwa inatumika, ilipima kina cha mto kule juu, kabla haujafika mjini, na kukiandika kwenye skrini ya pili hapo ofisini. Kidole kikasimama.

"Mkude, mbona haiandiki kipimo mara tu kinapofika?"

"Inavikusanya kwanza kwenye kumbukumbu, dada. Ikijaa, vinatoka vyote kwa mkupuo. Kompyuta hii kikongwe, tuionee huruma."

"Na isipojaa?"

Mkude alicheka, kisha akaacha. Skrini ya pili ilionyesha maji ya magotini, shwari, yaleyale tangu asubuhi. Milimani mawingu meusi yalikuwa yametanda.

"Ngoja niizime nirekebishe."

"Usiguse! Ukiikatisha hivi, vipimo vyote vilivyomo vinapotea."

"Basi tungoje ijae."

Sikudhani alitazama dirishani. Kina mama walikuwa wanafua mtoni, watoto wao wakirushiana maji. Vicheko vilifika hadi ofisini.

"Piga king'ora."

"Kwa kipimo gani, dada? Mto ukiwa shwari, mji mzima utatucheka."

"Ee Mungu, na watucheke," alisema, akabonyeza swichi mwenyewe.

King'ora kikalia. Wanawake waliinua vichwa, wakatazamana. Skrini ya pili bado ilikuwa na maji ya asubuhi. Kule chini, kanga iliyoanikwa juu ya jiwe ukingoni mwa mto iliondoka taratibu, bila mkono, bila upepo.