Kuaga

Kesho yake Tindwa na mwandishi mwenzake, Rukia, wangeingia kwenye shindano la kuandika riwaya nzima kwa mwezi mmoja. Sura walikuwa wameshagawana: Tindwa aandike zinazosimuliwa na baba, Rukia zinazosimuliwa na binti. Jioni Rukia alipiga simu, sauti yake ikishindana na kelele za watoto.

"Mume wangu amekubali kupika. Dada atawachukua watoto. Mama nimemwomba asininunie nisipompigia. Na wewe, umeshawaaga watu wako?"

"Nimeshawaaga," Tindwa akajibu.

Simu ilipokatika, alikaa akijiuliza ni nani atakayegundua kwamba hayupo. Mwishowe akavaa viatu, akaenda kwa mama muuza vitumbua wa njia panda. Alinunua kwake kila siku, lakini hawakujuana hata majina.

"Vilevile vinne?" mama akauliza, macho yakiwa kwenye kikaango.

"Leo sinunui, mama. Nimekuja kukuaga. Mwezi mzima hutaniona, nitakuwa ndani naandika kitabu."

Mama akaacha kugeuza vitumbua, akamtazama. "Na chakula atakuletea nani?"

Tindwa alitaka kucheka, akashindwa. "Sijui," akasema.

"Unakaa nyumba ipi?"

Akageuka amwonyeshe. Giza lilikuwa limeshaingia, na mtaa mzima ulikuwa umewasha taa.

"Ile isiyo na taa," akasema.

Vitumbua vilianza kuungua, na mama bado alikuwa anaitazama.