Yatima wa Kensington

Lango lilikuwa na kufuli, ukuta ulikuwa na nyaya za umeme, na mbwa hakuwemo.

Gustave alizunguka ua mzima wa nyumba ile ya Kensington akiita "Baron! Baron!" mpaka sauti ikamkauka. Mlinzi ni yeye, na anaapa kwa Mungu asubuhi ile hakufungua lango ila kupisha gari la bosi, aliyekuwa anaenda Durban kumfuata mkewe aliyetangulia.

Na Baron hakuwa mbwa wa kuokota makombo, jamani! Huyu alilala kitandani na Madamu. Bosi alilala sofani.

Gustave akampigia bosi simu. Bosi hakufoka hata kidogo.

"Usijisumbue kumtafuta, Gustave. Mbwa ni mbwa."

Jioni Madamu naye akapiga, analia kwa kwikwi. Mumewe kamwambia mlinzi ndiye aliyeacha lango wazi. "Jumamosi tunarudi. Nisipomkuta Baron, na wewe nisikukute!"

Kazi hiyo ikaota mbawa. Gustave akamweleza mkewe, Clémentine, msusi wa nywele mwenye ulimi mwepesi kuliko vidole. "Lakini bosi mwenyewe kasema nisijisumbue," akajitetea.

"Weee, papa Héritière," akamwita kwa jina la binti yao, "umezaliwa jana? Kwetu Bukavu mgeni akisema 'msijisumbue', si ndipo unakimbiza kuku? Huyo bosi ana adabu zake tu. Jisumbue!"

Basi akajisumbua. Akiwa na picha ya Baron kwenye simu, aliuliza kila kiduka cha spaza, kila mlinzi, kila muuza sigara kwenye robot, zile taa za barabarani. Alichekwa hadi akazoea. Mwishowe akamkuta mbali kabisa, Randburg, kwenye makao ya mbwa na paka waliotupwa, kalalia blanketi zito kuliko lake Gustave. Mbwa alipomwona nusura avunje wavu.

"Huyu ni wetu," Gustave akasema.

Bi Estelle, mwenye makao, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Haiwezekani. Huyu ni yatima, mwenye mbwa kafariki. Ukimtaka, omba kumlea kama wengine, nasi tuje kukagua nyumba."

Gustave akaona abishe ya nini? Watu wa mbwa wakishaanza kulengwalengwa na machozi huwawezi. Mradi arudi nyumbani, na awe yatima.

Maswali yakaanza. Mbwa atalala wapi? Atakula nini? Mchana atakaa na nani asije akaona upweke? Eish! Gustave alipoingia nchi hii akikimbia vita, hakuna aliyemuuliza hata moja kati ya hayo. Ilimuuma, tena sana, lakini alijibu yote kwa heshima.

Kesho yake Bi Estelle akaja na Baron kukagua. Gustave, aliyeachiwa funguo, akafungua mlango wa mbele. Baron hakusubiri kukaribishwa: alikwenda moja kwa moja chumbani, akapanda kitanda cha Madamu, akaanza kukoroma.

"Tangu nianze kazi hii sijaona mbwa aliyezoea nyumba haraka namna hii," akasema Bi Estelle, akipenga kamasi. Akamwacha palepale, na kuahidi kupita Jumamosi kumjulia hali.

Jumamosi bosi na Madamu wakaingia na masanduku yao. Madamu alipomwona Baron alipiga yowe, akambusu mbwa, kisha akambusu na Gustave. Kazi imepona! Gustave hakujua acheke au alie. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na Clémentine.

Bosi alibaki mlangoni, sanduku mkononi, kama mtu aliyemeza mfupa.

"Umempata wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kabla Gustave hajajibu, kengele ya lango ikalia. Alikuwa Bi Estelle na mfuko wa biskuti za mbwa. Aliingia akitabasamu, akampita Gustave, akampita Madamu, akamshika bosi mikono yote miwili.

"Kumbe ni wewe! Pole tena, bwana. Tangu siku ile uliyotuletea mbwa huyu, sijaacha kumwombea marehemu mkeo."