Taa za Mwanakheri

Mtaani kwa akina Sikudhani, kila nyumba ilipata umeme kadiri ya taka ilizopeleka kwenye mtambo, wala hapakuwa na umeme mwingine. Jirani yake, Mwanakheri, alifungua karakana ya kutengeneza vigae kwa plastiki chakavu, na mabaki ya kazi yakaiangaza nyumba yake kama ya harusi. Kwa Sikudhani taa zilififia kabla chakula hakijaiva.

Wivu ukamkaba. Alianza kwa kupeleka ndoo iliyotoboka, akafuatisha mkeka mzima, kisha viti, na mwisho kitanda cha binti yake. Jioni ile mwanga ulifika hadi uani.

"Leo kwako kunang'aa, shoga! Hongera!" Mwanakheri alimwita kutoka ng'ambo ya ua, amefurahi kwa dhati.

Furaha ile ilimchoma Sikudhani kuliko kejeli.

Mumewe, Makame, aliporudi alisimama katikati ya sebule tupu, amembeba binti yao aliyesinzia.

"Mke wangu, nimlaze wapi mtoto?"

Sikudhani alikuwa dirishani. Kwa Mwanakheri taa nyingine ilikuwa imewashwa.

"Makame," alisema taratibu, "hivi huo mlango wa chumbani una kazi gani?"