Pindo la Kanga Iliyopauka

Siku hizi kila fundi wa programu ana kanga yake sokoni, na nakshi ya pindo lake ndiyo ufunguo wake, wazi kwa kila mtu. Programu haiwekwi mwilini mwa mtu kabla sahihi yake, nayo ya nakshi, haijalinganishwa na pindo hilo.

Asubuhi hiyo ilifika programu mpya ya mashine ya moyo wa Bibi Mwanamvua, pamoja na kanga ya zawadi. Mjukuu wake, Saumu, akalinganisha sahihi na pindo la kanga hiyo.

"Zimefanana, Bibi."

"Mgeni kaja na shahidi wake mfukoni," Bibi akacheka. "Kaazime kanga ya fundi wetu kwa jirani, Bi Kidawa, ile anayombebea mtoto tangu mwaka juzi."

Saumu aliileta imepauka, inanuka maziwa. Pindo lake na sahihi havikufanana hata ua moja. Aliyetuma hakuwa fundi wao. Saumu akaifuta programu, na moyo wa Bibi ukaendelea kudunda kama jana.

Alipotoka kuirudisha kanga, akaona kanga kama ile ya zawadi zimeanikwa kwenye kamba za mtaa mzima. Saumu, ambaye hodi yake huwa haisikiki, akajitanda iliyopauka, akabisha mlango wa kwanza kwa nguvu.

"Karibu, mwanangu," akajibiwa. "Ndiyo kwanza tunataka kuiweka hiyo programu mpya."